Kofia Arobaini na Nane

Wiki iliyopita mtu aliweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la tuliomaliza pamoja kidato cha nne. Madam Felista anastaafu, tunaandaa kumuaga, na katibu wa kundi ameomba kila mmoja aandike kumbukumbu moja nzuri juu yake ili zisomwe siku hiyo. Picha ilikuwa ya kutuamsha. Yupo mgeni rasmi, suti imembana mabegani, ameinama kumvalisha kofia mtoto wa watu ambaye shingo yake inang'aa jasho. Madam yuko kando anapiga makofi. Nyuma kabisa, nusu ya uso imekatwa, nipo mimi. Mmoja wetu ameandika chini yake, "Bubu naye yumo," maana hilo ndilo lilikuwa jina langu darasani. Wengine wakacheka, wakaweka mioyo.  Niliikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikabaki kofia peke yake, rangi ya damu ya mzee, na mzunguko mmoja mweupe ukingoni, na hasira ikanipanda. Kofia ile niliifuma mimi. Mtoto aliyevalishwa siye niliyemfumia.

Nina miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya kidato cha sita, na sijazoea kukasirika mbele za watu. Hasira zangu huwa naziandika. Nina kaunta buku tatu zilizojaa, na ya mwaka ule wa kidato cha tatu nimeitoa chini ya nguo nikaisoma yote kwa siku mbili. Ninayoandika hapa yametoka humo, isipokuwa mahali nilipokuwa nimejidanganya, ambapo nimerekebisha.

Mwaka ule ulianzia chumbani kwa Bi Ashura, Isevya, mtaa wa hapa Tabora, chumba cha mbele chenye mlango unaotazama barabara. Bi Ashura alikuwa anafuma masweta ya shule kwa mashine, ile ndefu ya kusukuma kwa mkono kushoto na kulia, nayo ililia kama mtu anayeburuta bati polepole. Ukutani yalining'inia masweta ya karibu kila shule ya mji, ya kijani, ya kijivu, ya bluu nzito, na letu la damu ya mzee. Mabaki ya nyuzi aliyatupia kwenye kiroba nyuma ya mlango. Nilitumwa na Madam, aliyekuwa mlezi wa klabu yetu ya stadi za kazi, nikaombe kiroba hicho, tufume kofia za watoto wachanga wa wodini na kliniki kabla baridi ya mwezi wa sita haijaingia. Wazo lilikuwa zuri. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani namchukia Madam kwa kila kitu. Bi Ashura aliitikia shikamoo yangu, akanitazama mpaka viatuni, akasema nyuzi atatoa, ila hawezi kuwapa watu wasiojua kufuma wakaenda kuzichezea. Kwanza nijifunze, kisha niwafundishe wenzangu. Mimi, ambaye nikiitwa kujibu swali ubaoni nilikuwa nasimama nikitazama vidole vya miguu mpaka mwalimu achoke.

Alinipa kroshia iliyochongwa kutoka spoku ya baiskeli, ncha imekunjwa na kusuguliwa mpaka ikawa laini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka, kikombe cha chai ya tangawizi kwenye dirisha, na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga katikati yetu ambalo alikuwa analisogeza upande wangu bila kusema kitu kila nikifuma vizuri. Kofia ya mtoto unaanza utosini, vitanzi vichache vilivyofungwa duara, unazunguka ukiongeza, na ukifika upana wa kichwa unaacha kuongeza, unashuka tu. Mtu anaweza kuijua kwa siku moja. Shida ya nyuzi za mabaki ni kwamba kila baada ya mizunguko miwili uzi unaisha, unaunga mwingine. Bi Ashura alikuwa anageuza kila kofia ndani nje na kupitisha kidole gumba. Akikuta fundo anaifumua yote. "Mtoto hawezi kukwambia kinachomkwaruza," alisema. "Atalia tu, na nyie mtasema ana njaa." Alinifumulia kofia yangu ya kwanza mara tano. Ya sita aliipitisha kidole, akaitupa kwenye mapaja yangu, akarudi kwenye mashine yake. Siku ile niliandika kwenye kaunta buku kwamba nilikuwa na furaha, na hapo sikudanganya.

Mwezi wa tatu, Salome alitajwa jina mstarini. Tulikuwa tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, ndiye aliyekuwa ananisemea. Mwalimu akiniuliza kitu, Salome alikuwa anasema, "Nyamizi anajua, mwacheni tu aandike." Wasichana walipimwa mkojo, na kesho yake Madam akasoma jina moja kwa sauti ile ile aliyosomea zamu za usafi. Salome alitoka kwenye mstari akapita mbele yetu sote kwenda kuchukua begi. Aliponipita aliningoja kidogo, nadhani niseme kitu. Niliangalia chini.

Alijifungua mwanzoni mwa mwezi wa sita, kabla ya wakati wake, mapacha, wote wa kiume. Kwa hiyo Kulwa na Doto, kama mapacha wote wa kwetu, hapakuwa na haja ya kutafuta majina. Kulwa alikuwa na uzito wa kuhimili. Doto alikuwa mdogo mno. Hospitali waliwaweka muda, wakamfundisha Salome kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi, muuguzi akamwambia jambo moja ambalo Salome alilirudia kwangu mara nyingi: kichwa kifunikwe, joto la mtoto linatokea kichwani. Wakarudi Cheyo, mtaani kwao, kwenye chumba chenye dirisha lililozibwa kwa boksi, na upepo wa mwezi wa sita unapita hapo kama hakuna kitu. Nilikwenda kuwaona Jumamosi. Salome alikuwa amevaa sweta lake la shule, nembo ameitoa kwa wembe, amewafunga wote wawili ndani yake, vichwa viwili vinachungulia shingoni. Vichwani walikuwa wamefungwa vipande vya kitenge, vikawa vinateleza, anavirudisha, vinateleza tena. "Karibu darasani," alinitania. "Leo somo ni kukesha."

Bibi yake alikuwa amekuja kwa treni kutoka Usoke kumsaidia. Alinisalimu mwangaluka, nami nikajibu kwa shikamoo, akacheka, akaniuliza kama Kinyamwezi changu kimekufa au kimelala. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu, la mapacha. Kwetu anachopewa Kulwa anapewa Doto, siku ile ile, sawa sawa, asije mmoja akaona mwenzake anapendwa akaamua kuondoka. Jirani aliyeleta mche mmoja wa sabuni alimwona Bibi akiukata kwa kisu katikati mbele ya macho yake. Nilipotoa uzi nipime kichwa cha Kulwa, Bibi alinishika mkono. Nisipime mmoja nikaondoka. Nikapima wote wawili, nikafunga fundo kwenye kila uzi, nikazitia kwenye mfuko wa sketi. Uzi wa Doto ulikuwa mfupi kuliko wa Kulwa kwa upana wa vidole viwili. Nikamwahidi Salome kofia mbili, rangi moja, kufikia Jumatano. Niliahidi kwa sauti. Kwa mtu kama mimi hilo ni kubwa.

Nilizifuma kwa siku mbili, damu ya mzee, kwa sababu ndiyo rangi pekee iliyobaki ya kutosha kofia mbili zinazofanana. Sikuacha hata fundo moja. Jumanne nilizibeba shuleni nikitaka kumalizia ukingo mweupe wakati wa klabu, nizipeleke Cheyo nikitoka. Nilikuwa nimefikisha mzunguko mmoja mweupe kwenye kila moja Madam alipoingia na boksi akasema kofia zote zikusanywe, hata zilizo mikononi. Zilihesabiwa mezani. Arobaini na nane. Akazipanga ofisini kwake, kwenye kabati la vioo, ngazi kwa ngazi, na juu kabisa akaweka kibuyu kikavu kama kichwa, akakivalisha moja ya zile mbili zangu kwa kuwa ilikuwa rangi ya shule. Ilikuwa ile ndogo, ya Doto. Akafunga kwa ufunguo. Ijumaa ya wiki ijayo, alisema, mgeni rasmi atakuja kuzikabidhi.

Mgeni rasmi hakuja Ijumaa ile. Alikuwa na safari. Wiki iliyofuata alikuwa na kikao. Kisha tukaambiwa baada ya Sabasaba. Mimi nilipewa kazi ya kufuta vumbi kwenye lile kabati kila Jumatatu, kwa kuwa nilikuwa mtulivu, na nilikuwa nasimama pale na kitambaa nikifuta kioo, kofia arobaini na nane za watoto upande wa pili, na nje asubuhi tunatoa mvuke midomoni. Mpaka leo sielewi. Najaribu kumwelewa Madam na sielewi. Hospitali haikuwa mbali, mtu anaweza kwenda kwa miguu na mfuko mkononi akarudi kabla ya kipindi cha pili. Hakuna mama hata mmoja wodini aliyeomba aletewe mgeni rasmi.

Mara moja nilimwomba. Nilifanya mazoezi ya sentensi ile njia nzima kutoka nyumbani. Nilimwambia, shikamoo Madam, naomba kofia mbili kati ya zile, kuna watoto mapacha Cheyo. Hakukasirika. Alikuwa anasahihisha madaftari, akaniambia bila kuinua kichwa, "Zimeshaandikwa kwenye risala, Nyamizi. Risala inasema arobaini na nane. Unataka mgeni rasmi asomewe arobaini na nane, akabidhi arobaini na sita?" Kisha akaniuliza mapacha wa nani. Nikajua nikisema jina la Salome nitazikosa kabisa, na pengine nitaulizwa nafuata nini kwake. Nikasema wa jirani. Ningesema wa Salome. Ningesema, wa Salome, yule uliyemsoma mstarini. Nimeshalisema mara mia tangu wakati huo, chumbani kwangu.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, Madam aliitwa ofisi ya mkuu akaacha kabati wazi. Ya kwenye kibuyu ningeitoa, kila anayeingia angeona kibuyu kipara. Ya Kulwa ilikuwa ngazi ya tatu, pembeni. Niliichukua, nikaisukumia ndani ya mkono wa sweta langu, nikasogeza nyingine mbili kuziba pengo.  Jioni nilikwenda moja kwa moja Cheyo na kofia imenikaa kwenye kiwiko.

Mlango wao ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Kabla sijabisha nilimsikia Bibi. Alikuwa amekasirika, anazungumza Kinyamwezi na Kiswahili kwa pamoja. Kuna mtu kanisani alikuwa amewaletea shuka moja ya mtoto, akasema ni ya huyu mkubwa, huyu mdogo ataletewa yake mwezi ujao. Bibi ameirudisha. Anasema watu wanamtazama Kulwa kwa kuwa ana mashavu, wanamruka Doto kama kiti kitupu, na mtoto anasikia, hata huyu aliyelala anasikia. "Anayeleta kwa mmoja," alisema, "amekuja kumfukuza mwenzake." Salome akajibu kitu kwa sauti ya chini, sikukisikia. Doto alikuwa anakohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo, kama mtu anayegeuza karatasi. Nilisimama pale na mkono wangu juu, tayari kubisha. Kisha nikaushusha, nikaondoka.

Kwenye kaunta buku niliandika kwamba niliondoka kwa kuheshimu mila. Hapo ndipo nimerekebisha. Niliondoka kwa sababu niliogopa kusemwa na Bibi, na mila ikanipa pa kujificha.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Ashura kuomba damu ya mzee ya kofia moja, ndogo tu. Kiroba kilikuwa kitupu, tulikomba vyote. Akaniuliza kwa nini nisichukue kijani, alikuwa na kijani cha oda ya shule ya msingi. Nikasema lazima zifanane. Akainua mabega, akasema mzigo wa nyuzi unatarajiwa, nirudi Alhamisi ya wiki ijayo. Nikarudi nyumbani nimetulia kabisa. Hilo ndilo linaloniuma. Nililala nikijua mambo yamepangika, Alhamisi nyuzi, Ijumaa kofia, Jumamosi Cheyo. Nilikuwa nimeanza kupanga ratiba kama Madam.

Doto alifariki Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi ile ya nyuzi. Walisema nimonia. Sijui kama kofia ingemwokoa, na sitajifanya najua. Muuguzi alisema kichwa kifunikwe, na kilikuwa kinafunikwa kwa kipande cha kitenge kinachoteleza. Hayo tu ndiyo ninayoyajua. Alizikwa siku ile ile na watu wachache. Bibi alimbeba Kulwa mgongoni na kumgeuzia uso upande mwingine muda wote. Salome aliniona nimesimama nyuma.

Alhamisi nilikwenda Isevya kwa mazoea, kama miguu haijaambiwa. Nyuzi zilikuwa zimefika, Bi Ashura alikuwa ameshanitengea bonge dogo la damu ya mzee kwenye dirisha. Nikamwambia mtoto amekufa. Nikamweleza yote, kabati, kibuyu, risala, mlango wa Cheyo. Alisimamisha mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono, akashika ukingo wa sweta nililovaa, akauvuta kidogo kwa vidole viwili. Uzi ukatoka, damu ya mzee, mrefu, ukaendelea kutoka.

"Na huu ni nini?" aliniuliza.

Sweta zima. Ningeweza kutoa kofia kumi. Nililivaa kila siku ya wiki zile zote, nililivaa nikiiba kofia, nililivaa nikisimama mlangoni kwa Salome, nililivaa nikimwambia Bi Ashura kwamba hakuna uzi wa rangi ile. Sikuwahi kuliona kama uzi. Lilikuwa sare, na sare haifumuliwi, sare inakaguliwa.

Mgeni rasmi alikuja mwezi wa kumi, Tabora ikichemka, mvua haijaanza. Akina mama waliletwa kutoka kliniki wakakalishwa chini ya turubai na watoto wao wenye vipele vya joto. Risala ilisomwa: kofia arobaini na nane. Zilikuwa arobaini na saba. Hakuna aliyehesabu. Nilisimama nyuma nikingoja mtu ahesabu, nilitaka sana wahesabu, nilikuwa tayari kukamatwa. Mgeni rasmi akapandisha mkono ngazi ya juu ya kabati, lililobebwa mpaka uwanjani, akachukua ya kwenye kibuyu, akaivuta kwa nguvu ienee kwenye kichwa cha mtoto mkubwa wa miezi mitano au sita, mtoto akapiga kelele, watu wakacheka, mpiga picha akasema tena tafadhali. Ndiyo hiyo picha. Mama yule alimvua mwanawe kofia kabla hajafika kwenye kiti chake.

Baada ya kuiona tena wiki iliyopita nilikwenda Cheyo. Salome anasuka nywele barazani siku hizi, ana wateja, ana maneno kama zamani. Bibi yupo Usoke, miguu inamsumbua. Kulwa anakaribia miaka minne na ni mtundu, alinikagua viatu akaniuliza kama nimeleta biskuti. Nilikuwa nimeleta biskuti, na ile kofia yake niliyoiiba. Karibu miaka minne nimeificha ndani ya kaunta buku. Niliiweka kwenye mapaja ya Salome, nikamweleza kwa sauti, kwa mpangilio, mara ya kwanza maishani mwangu naongea muda mrefu hivyo bila mtu kunisemea. Kuhusu jioni ile mlangoni. Kuhusu Bibi na ile shuka. Mteja wake alikuwa amekaa chini kichwa nusu kimesukwa. Salome alipitisha kidole gumba ndani ya kofia, polepole, akaizungusha yote.

"Ungeileta hii hii," alisema. "Bibi angesema, angechoka. Mimi ningewavalisha kwa zamu."

Kisha akachukua tena nywele za mteja akaendelea kusuka. Kofia hakunirudishia. Niliendelea kukaa pale mpaka kichwa kile kikaisha, kwa kuwa hakuniambia niondoke.

Usiku ule katibu wa kundi alikumbusha tena kumbukumbu nzuri za Madam, mwisho ni Jumapili. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Nilichotuma mwishowe ni hiki, na tangu nikitume kimesomwa na watu sitini na mmoja na hakuna aliyejibu:

"Kofia aliyoshika mgeni rasmi kwenye picha ni ya Doto wa Salome, aliyekuwa anakaa dawati moja na mimi. Doto alizaliwa mwezi wa sita akafa mwezi wa saba. Picha ilipigwa mwezi wa kumi. Madam alikuwa nayo kabatini. Ya pacha wake nilikuwa nayo mimi. Hiyo isomwe siku ya kumuaga, na kama hakuna wa kuisoma, nitakuja kuisoma mwenyewe. Nyamizi."